Kulinganisha mikoa ya Ulaya kwa takwimu: mwongozo kamili, kuanzia swali hadi jedwali

Jedwali la pato la mikoa ya Umoja wa Ulaya (GDP, yaani thamani ya bidhaa na huduma zinazozalishwa kwa mwaka) lina vituko vyake. Kusini mwa Ireland, nchi ya Cork na ng'ombe wa maziwa, pamekuwa pakisimama juu ya Paris, Hamburg na Milano kwa pato la kila mkazi. Brussels ina pato la karibu mara mbili ya wastani wa Umoja, na papo hapo ukosefu wake wa ajira ni kama mara tatu ya ule wa Flanders inayouzunguka mji huo. Hakuna karani aliyekosea hesabu. Kila namba inajibu swali lake sawasawa. Shida huanza mtu anapoichukua akajibia swali jingine.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi anayeandika tasnifu, mwandishi wa habari mwenye mhariri anayesubiri, au yeyote anayetaka kusema "mkoa huu umeendelea kuliko ule" bila kuumbuka. Data yenyewe ni ya bure. Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, huiweka mtandaoni bila kukudai malipo wala kujisajili. Kazi iko kwenye kusoma. Katika kila hatua nitakurudisha kwenye maswali mawili: kilichohesabiwa kimezalishwa wapi na nani, na watu wanaogawiwa hesabu hiyo wanalala wapi?

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Nataka kulinganisha uchumi wa mikoa" si swali. "Je, kaya ya Calabria, kusini mwa Italia, ina fedha kiasi gani za kutumia ikilinganishwa na kaya ya Lombardia, kaskazini?" ni swali, kwa sababu tayari linakuambia utafute mapato ya kaya, wala usihangaike na pato la mkoa. Ukiuliza viwanda viko wapi, utahitaji pato. Ukiuliza vijana wanapata kazi au la, utahitaji utafiti wa nguvukazi. Iweke sentensi hiyo juu ya faili lako, uitazame kila unapoongeza safu.

Hatua ya 2: Ujue "mkoa" ni nini

Hapa ndipo wengi hupita mbio, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa.

Ulaya haina mkoa mmoja. Ina majimbo ya Ujerumani yenye mabunge yao, départements za Ufaransa, voivodeship za Polandi, na kaunti za Ireland. Ili data ipangike, Eurostat hutumia mfumo uitwao NUTS, ulioanza miaka ya 1970 na kupewa nguvu ya sheria mwaka 2003. Una ngazi tatu. NUTS 1 ni maeneo makubwa, yanayokusudiwa kuwa na watu milioni 3 hadi 7. NUTS 2 ni ya watu 800,000 hadi milioni 3. NUTS 3 ni ya watu 150,000 hadi 800,000. Katika toleo lililoanza kutumika mwaka 2024 kuna maeneo 92 ya NUTS 1, 244 ya NUTS 2 na 1,165 ya NUTS 3.

Lakini sheria hii si msumeno. Åland, visiwa vya Finland vyenye watu kama 30,000, ni NUTS 2. Île-de-France, yaani Paris na viunga vyake, yenye watu zaidi ya milioni 12, nayo ni NUTS 2. Katika jedwali kila moja inachukua mstari mmoja, kana kwamba zinalingana. Ujerumani nayo iliweka majimbo yake katika NUTS 1, kwa hiyo North Rhine-Westphalia yenye watu milioni 18 imekaa ngazi moja na Bremen yenye watu kama 700,000. Estonia, Latvia, Kupro, Malta na Luxembourg, kila nchi nzima ni NUTS 2 moja. Huwezi kuzungumzia tofauti za ndani ya nchi hizo kwa ngazi hiyo hata ukitaka.

Kisha kuna siasa. Fedha za Umoja wa Ulaya za kusaidia mikoa hugawiwa kwa kuangalia pato la kila mkazi katika NUTS 2. Mkoa ulio chini ya asilimia 75 ya wastani wa Umoja huhesabiwa kuwa nyuma kimaendeleo na hupata fungu nono. Sasa fikiria mkoa wenye mji mkuu tajiri katikati na vijiji maskini pembeni: wastani unapanda, na vijiji vinakosa. Polandi ikatenganisha Warsaw na sehemu nyingine ya Mazowsze, Hungaria ikatenganisha Budapest na Pest, Lithuania ikatenga eneo la Vilnius. Yote haya yaliingia katika toleo la mwaka 2016. Usiku mmoja, pengo kati ya mkoa wa juu na wa chini nchini Polandi likaongezeka kwenye karatasi, na hakuna mtu aliyetajirika wala kufilisika. Ukichora mstari wa miaka 20 bila kulijua hilo, utaandika kwamba ukosefu wa usawa umelipuka.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, chagua ngazi moja na usiichanganye na nyingine. Weka safu ya idadi ya watu kando ya kila mkoa. Angalia miji iliyobanwa na mipaka: Berlin imezungukwa na Brandenburg kama kisiwa, Prague imezungukwa na Střední Čechy. Ukiona hivyo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha mji na mkoa unaouzunguka: jumlisha pato la mji na la mkoa huo, jumlisha watu, ndipo ugawe. Usichukue wastani wa viwango viwili, maana watu wa Berlin ni wengi kuliko wa Brandenburg. Ya pili ni kutumia maeneo ya miji mikuu ambayo Eurostat imeshayaunda kutokana na NUTS 3, yakijumuisha vitongoji ambako wafanyakazi wanaishi. Mimi hupenda hii ya pili kwa habari yoyote inayohusu miji.

Angalizo moja la pembeni: shirika la OECD, linalounganisha nchi zenye uchumi ulioendelea, nalo lina ngazi zake za mikoa, na hazilingani na NUTS. Kwake, mkoa wa Ujerumani ni jimbo zima. Usichukue nusu ya jedwali huku na nusu kule.

Hatua ya 3: Pakua, na usiamini majina

Kanzidata ya Eurostat hutafutwa kwa misimbo. Hii itakutosha kwa kazi nyingi:

- nama_10r_2gdp: pato la mikoa, NUTS 2 (nama_10r_3gdp kwa NUTS 3, met_10r_3gdp kwa maeneo ya miji mikuu)
- nama_10r_2hhinc: mapato ya kaya, NUTS 2
- lfst_r_lfu3rt: kiwango cha ukosefu wa ajira, NUTS 2
- demo_r_d2jan: idadi ya watu tarehe 1 Januari
- demo_r_mlifexp: matarajio ya kuishi
- ilc_li41: walio katika hatari ya umaskini, kwa mikoa

Unganisha majedwali kwa msimbo wa mkoa, kamwe usiunganishe kwa jina. Luxembourg ni nchi, na pia ni mkoa wa Ubelgiji (BE34). Limburg iko Ubelgiji (BE22) na iko Uholanzi (NL42). Ugiriki huandikwa EL, wakati kanzidata nyingine nyingi za dunia huiandika GR. Mistari yake yote itadondoka kimyakimya ukijaribu kuioanisha. Ufaransa ilibadilisha misimbo baada ya mageuzi ya mikoa ya mwaka 2016: Alsace ilikuwa FR42, sasa ni FRF1, ingawa mipaka yake haikusogea hata hatua. Eurostat hutoa faili la kuoanisha matoleo ya zamani na mapya. Lipakue siku ileile unayopakua data.

Angalia pia herufi ndogo kando ya namba. "b" ina maana mfululizo umekatika, yaani namna ya kuhesabu imebadilika mwaka huo. "e" ni makadirio, "p" ni ya muda, "u" ni ya kutoaminika sana kwa sababu sampuli ni ndogo. Nukta pacha ":" ina maana hakuna data. Si sifuri. Ukifungulia Excel, hakikisha programu haijaigeuza kuwa sifuri.

Uingereza ni habari yake peke yake. Tangu ijitoe mwaka 2020, data mpya za mikoa yake hazitoki tena Eurostat. Unazipata kwenye ofisi yao ya takwimu ya taifa, wanaotumia mfumo unaofanana na NUTS lakini wenye misimbo inayoanza na TL.

Hatua ya 4: Soma pato kwa tahadhari kubwa kuliko kipimo kingine chochote

Pato la mkoa huhesabiwa mahali kazi inapofanyika. Wakazi huhesabiwa mahali wanapolala. Ukigawa la kwanza kwa la pili, umechanganya makundi mawili ya watu.

Luxembourg ndiyo mfano wa darasani. Zaidi ya watu 200,000 huvuka mpaka kila siku kutoka Ufaransa, Ujerumani na Ubelgiji kwenda kufanya kazi huko. Ni karibu nusu ya waajiriwa wote wa nchi. Wanachozalisha kinaingia kwenye pato la Luxembourg, lakini wao hawamo katika idadi ya watu. Ni sawa na kupima pilau iliyopikwa na wapishi ishirini, kisha ukaigawa kwa sahani za wenyeji kumi wa nyumba. Upande wa pili wa mpaka, Lorraine ya Ufaransa, Trier ya Ujerumani na ule mkoa wa Ubelgiji uitwao Luxembourg huonekana dhaifu kuliko maisha halisi ya watu wake, maana mishahara inaletwa nyumbani jioni na haionekani kwenye pato.

Brussels ni hivyohivyo. Karibu nusu ya kazi za mji zinafanywa na watu waishio Flanders na Wallonia. Pato ni karibu mara mbili ya wastani wa Umoja, ilhali mapato ya kaya kwa kila mkazi yako chini ya wastani wa Ubelgiji wenyewe, na ukosefu wa ajira umezidi asilimia 10. Ukiyaweka hayo matatu safu kwa safu, mji unaeleweka: ni mahali pa kazi nyingi, na wengi wanaolala hapo hawafanyi kazi hizo. Ukiweka pato peke yake, umeandika uongo kwa namba za kweli.

Ngazi ya NUTS 3 inazidisha tatizo. Wolfsburg, mji wa kiwanda cha Volkswagen wenye wakazi kama 125,000, hukaa miongoni mwa wilaya za juu kabisa Ulaya. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wake hurudi vijijini jioni. Kwa sababu hii sipendekezi kabisa pato la kila mkazi kwa NUTS 3, isipokuwa swali lako liwe ni viwanda viko wapi.

Ireland ina kasoro tofauti. Mwaka 2015 pato la nchi hiyo lilipanda kwa takriban asilimia 25 ndani ya mwaka mmoja. Watu hawakufanya kazi robo zaidi. Makampuni makubwa ya kimataifa yalihamishia huko hataza na haki nyingine za ubunifu, na faida yake ikahesabiwa ya Ireland. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ililazimika kubuni kipimo kingine cha taifa, kinachoondoa sehemu kubwa ya mambo hayo. Kwa ngazi ya mikoa kipimo hicho hakikusaidii, kwa hiyo tumia mapato ya kaya, na uandike wazi kwa nini.

Na Groningen, kaskazini mwa Uholanzi: kwa miongo mingi gesi asilia iliyochimbwa huko iliingizwa kwenye pato la mkoa, wakati fedha nyingi zilikwenda serikalini na kwa makampuni. Wakazi walibaki na matetemeko ya ardhi yaliyotokana na uchimbaji huo. Uzalishaji ulisimamishwa Oktoba 2023. Anayetazama mstari wa pato ukishuka anaweza kudhani watu wamekuwa maskini. Kumbe kilichopungua ni gesi.

Sasa bei. Eurostat hutoa pato kwa euro na pia kwa kipimo cha uwezo wa kununua kiitwacho PPS, kinachosawazisha tofauti za bei kati ya nchi. Ukilinganisha Bulgaria na Uswidi, tumia PPS. Lakini fahamu kwamba bei zinazotumika ni za taifa zima. Kodi ya chumba Paris na kodi ya chumba Limousin huhesabiwa kana kwamba ni moja. Matokeo yake, miji mikuu yenye maisha ghali huonekana tajiri kuliko ilivyo, na mikoa ya mashambani huonekana hafifu kupita kiasi. Jingine: PPS ni ya kulinganisha mahali na mahali ndani ya mwaka mmoja. Usiitumie kupima ukuaji kutoka mwaka hadi mwaka. Kuna jedwali la ukuaji halisi, nama_10r_2gvagr, lililotengenezwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya 5: Ajira

Eurostat hufuata kanuni za Shirika la Kazi Duniani. Asiye na ajira ni yule ambaye hakufanya kazi hata saa moja katika wiki ya utafiti, ametafuta kazi ndani ya wiki nne, na yuko tayari kuanza ndani ya wiki mbili. Ofisi za ajira za nchi zina kanuni zao. Ujerumani, mtu anayefanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki anaweza kubaki kwenye orodha ya wasio na ajira. Ndiyo maana mwaka 2024 ofisi ya ajira ilisema asilimia 6.0 na Eurostat ikasema 3.4, kwa nchi ileile. Ukichukua Bavaria ya Ujerumani kutoka chanzo cha kwanza na jirani yake Tirol ya Austria kutoka cha pili, ulinganisho wako hauna maana.

Kiwango cha ukosefu wa ajira pia hakiwaoni waliokata tamaa. Nchini Italia, mwaka 2023 Campania ya kusini ilizidi asilimia 17, na Bolzano, upande wa milimani kaskazini, ilikuwa karibu 2. Pengo hilo ni kubwa, lakini ukitazama kiwango cha wenye ajira wa umri wa miaka 20 hadi 64 unaona undani wake: Campania, Calabria na Sicily zilikuwa chini ya asilimia 50, huku baadhi ya mikoa ya Ulaya ikipita 85. Wengi wa Kusini mwa Italia, hasa wanawake, hawatafuti kazi kabisa, kwa hiyo hawamo kwenye ukosefu wa ajira. Weka viwango vyote viwili, kila mara.

Kwa vijana kuna mtego wa ziada. Tuseme mkoa una vijana 100. 70 wako shuleni na hawatafuti kazi, 20 wana kazi, 10 wanatafuta. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni 10 kati ya 30, yaani asilimia 33. Gazeti litaandika "kijana mmoja kati ya watatu hana kazi", na hilo si kweli. Ni mmoja kati ya kumi.

Hatua ya 6: Umaskini na afya

"Hatari ya umaskini" Ulaya hupimwa kwa asilimia 60 ya mapato ya kati (ya mtu aliye katikati ya orodha, median) ya nchi husika. Mwaka 2023 mstari huo kwa mtu anayeishi peke yake ulikuwa zaidi ya euro 2,000 kwa mwezi Luxembourg, na chini ya euro 400 Bulgaria. Kwa hiyo mkoa wa Ucheki unaweza kuwa na kiwango kidogo kuliko mkoa wa Luxembourg bila mtu wa Ucheki kuwa na fedha zaidi. Kipimo hiki kinaeleza nani ameachwa nyuma ndani ya nchi yake. Kulinganisha hali ya maisha kati ya nchi, tumia takwimu za kunyimwa mahitaji ya msingi: nani hawezi kupasha nyumba joto, nani hawezi kulipa gharama ya ghafla. Mapato katika utafiti unaotoa takwimu hizi za umaskini kwa kawaida ni ya mwaka uliotangulia, jambo linalosahaulika sana.

Kwa vifo, epuka kiwango ghafi. Mkoa wenye wazee wengi utakuwa na vifo vingi hata hospitali zake zikiwa bora. Tumia viwango vilivyosawazishwa kwa umri, au matarajio ya kuishi. Mwaka 2022, kwa mfano, matarajio hayo mkoani Madrid yalikuwa miaka 85.2.

Hatua ya 7: Pima pengo

Kugawa mkoa wa juu kwa wa chini ni rahisi, na mara nyingi kunapotosha. Ujerumani ina mikoa 38 ya NUTS 2, Ireland ina 3. Kadiri vipande vinavyokuwa vingi, ndivyo uwezekano wa kupata kilele na bonde unavyoongezeka. Tumia mtawanyiko (jinsi mikoa inavyopishana na wastani) uliopimwa kwa uzito wa idadi ya watu, ili Åland isiwe na sauti sawa na Île-de-France.

Tena angalia nani yumo. Uwiano wa Ufaransa hubadilika kabisa ukiijumuisha Mayotte, yaani Maore, kile kisiwa cha Komoro kilichobaki chini ya Ufaransa. Kilifanywa département mwaka 2011 na kuingia rasmi katika maeneo ya mbali ya Umoja mwaka 2014. Pato lake la kila mkazi ni karibu asilimia 30 ya wastani wa Umoja, la chini kuliko mkoa wowote. Baadhi ya majedwali hayana Mayotte, na ramani nyingi huiweka kwenye kisanduku kidogo pembeni au huiacha kabisa. Kuiacha si kosa ikiwa unaandika juu ya Ufaransa ya bara. Kosa ni kuiacha bila kusema.

Wastani wa Umoja nao unasogea. Mwaka 2004 zilipoingia nchi kumi, nyingi maskini kuliko waliotangulia, wastani ulishuka, na mikoa kadhaa ikajikuta juu ya asilimia 75 pasipo kuongeza senti. Ukitumia kigezo cha wastani, chagua muundo mmoja wa Umoja, kwa mfano ule wa nchi 27 wenye msimbo EU27_2020, na uutumie kwa miaka yote.

Idadi ya watu ina mishtuko yake. Sensa ya Ujerumani ya mwaka 2022 ilikuta watu milioni 1.4 pungufu ya waliodhaniwa. Ucheki iliwahesabu wakimbizi wa Ukraine miongoni mwa wakazi, na idadi ikaruka ndani ya mwaka mmoja. Kiwango chochote cha "kwa kila mkazi" kinatikisika pale, bila uchumi kutikisika kwa kiasi hichohicho.

Hatua ya 8: Andika chini ya jedwali

Msimbo wa seti ya data, tarehe uliyopakua, toleo la NUTS, kizio cha kipimo, na alama zote za b, e, p na u zilizomo. Tofauti ya nusu pointi kati ya mikoa miwili midogo iliyowekewa "u" usiitaje kama tofauti. Tarehe ya kupakua usiipuuze kabisa: Eurostat hurekebisha namba za nyuma, na mwaka 2024 nchi nyingi zilifanya marekebisho makubwa ya hesabu za taifa yaliyobadilisha mfululizo wa miaka mingi kwa mkupuo. Mtu akipakua jedwali lilelile mwakani akapata namba tofauti na yako, tarehe ndiyo itakayomwonyesha kwamba hukubuni.